Je, Mtoto Huzaliwa na Dhambi? Swali la Jirani Yangu

Katika mwaka 1983 nilikuwa nikikaa Majengo, hapa Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi katikati. Wenye kuzijua nyumba hizi wanafahamu kwamba humo hapana siri. Akohoaye chumba cha mwanzo husikiwa chumba cha mwisho, na mchuzi wa mmoja hunusiwa na wote. Chumba cha kukabiliana na changu alikaa Mtaita mmoja, mfanyakazi wa bandarini Kilindini, Mkatoliki, pamoja na mkewe. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa haya ni yake na ya nyumba yake. Mimi nikisomesha watoto, na yeye, kama wapangaji wote, akiniita Maalim.

Mkewe alikuwa mjamzito, na miezi yake ilikuwa bado haijatimia uchungu ulipomshika usiku wa manane. Mume alitoka mbio kwenda kutafuta gari. Mke wangu, pamoja na bibi mmoja mkunga wa mtaa, wakaingia chumbani. Mtoto alizaliwa kabla ya gari kufika, mwanamume, mdogo wa kutoshea viganjani, akalia. Sauti yake niliisikia nikiwa nimesimama ukumbini, nyembamba kama ya mtoto wa paka. Mke wangu alimpangusa kwa maji ya vuguvugu, akamfunika kanga, akampa mamake. Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikuwa amekwisha kufa. Baba yake alirudi na teksi akatukuta tumekaa kimya, akafahamu bila ya kuambiwa.

Wapangaji wote tulimsaidia katika maziko, Waislamu na Wakristo. Padri alikuja, kijana mpole, akasoma sala zake na kuwafariji wazazi. Nilidhani msiba umekwisha, umebaki ule uchungu ambao ni Mwenyezi Mungu tu awezaye kuupoza. Kumbe jirani yangu alikuwa na uchungu wa pili ambao mimi sikuujua.

Usiku wa tatu alinikuta nimekaa barazani, akaketi, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Maalim, kwenu nyinyi mtoto mchanga akifa, huenda wapi?"

Nilimjibu bila ya kufikiri, kama ambavyo yeyote kati yenu wasomaji wangu angelijibu. Nilimwambia kuwa mtoto hana dhambi, amezaliwa safi juu ya umbile alilomwumbia Mola wake, kalamu ya kuandika makosa haijaanza kumwandikia, na kwa hivyo ni wa peponi. Nikamwambia kwamba sisi maadamu mtoto amelia, ijapokuwa mara moja, humwosha na kumsalia, na katika sala hiyo huomba awe akiba kwa wazazi wake na mtangulizi wao.

Akainamisha kichwa. "Wangu alilia," akasema. "Lakini kwetu si kilio, Maalim. Kwetu ni maji."

Ndipo aliponieleza. Mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka Taita kwa ajili ya msiba, alifundishwa dini utotoni mwake na mapadri wa zamani. Yeye alifundishwa kuwa mtoto asiyebatizwa hawezi kuuona uso wa Mungu, kwa kuwa amezaliwa na dhambi aliyoirithi kwa Adamu, na dhambi hiyo haiondoki ila kwa ubatizo. Mtoto wa namna hiyo, alifundishwa, huwekwa mahali pa pembeni, si motoni wala si peponi. Ajuza yule hakusema haya kwa ubaya. Aliyasema huku akilia. Lakini mwanawe aliyasikia, na tangu hapo halali.

Kisha akaongeza jambo lililonitia baridi mwilini. Katekista wa kanisa lao alimweleza kwamba, panapokuwa na hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiyekuwa Mkristo. Yatosha amwagie mtoto maji, atamke maneno yenyewe, na akusudie lile ambalo kanisa hulikusudia. Yule bibi mkunga angeweza. Mke wangu angeweza. Maji yalikuwa mkononi mwake.

Nilipomhadithia mke wangu, alilia kuliko alivyolia siku ya msiba. Akaniuliza, "Na lau ningelijua, ningelifanya?" Sikuwa na jibu. Mtu ana dini yake, na maneno yale si ya dini yake. Lakini mama yule alikuwa jirani, na mtoto yule alifia mikononi mwetu. Nadhani angelitoka mbio usiku ule kumgongea mlango katekista, na huenda wangelikawia njiani. Mungu ndiye ajuaye.

Basi, ndugu msomaji, swali la jirani yangu ndilo lililonifanya nianze kuuliza na kusoma. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Tumeishi na Wakristo pwani hii miaka mingi, tumekula nao na kuzikana nao, na bado wengi wetu tukisikia kuwa wao huamini mtoto huzaliwa na dhambi, huguna tukasema, "Maskini, kiumbe hata hajafumbua macho!" Hatuulizi fikira hiyo ilitoka wapi wala ilimfaa nini aliyeitoa. Leo napenda niwasimulie nilichokipata.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kuwa mtu aliyeifunga fikira hii kwa fundo lisilofunguka upesi hakuwa Mzungu wa Ulaya, bali mwana wa Afrika. Jina lake ni Augustine, na Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Agostino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Zama hizo zilikuwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie. Mama yake, Monica, alikuwa Mkristo mcha Mungu, na wataalamu wengi wanaona kuwa alikuwa wa asili ya Kiberberi. Baba yake hakuingia dini hiyo ila mwisho wa maisha yake.

Augustine ujanani mwake hakuwa mtu wa dini. Aliishi na mwanamke bila ya ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume aliyemwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu, kama vile Waarabu wanavyoita Atallah. Alikuwa fundi wa kusema na kufundisha usemaji, akahamia Roma kisha Milan. Huko Milan, mwaka 386, moyo wake uligeuka, na mwaka uliofuata akabatizwa pamoja na mwanawe. Mtoto huyo alifariki angali kijana. Basi mtu huyu aliyekuja kusema maneno mazito juu ya watoto alikuwa baba aliyemzika mwanawe. Baadaye alirudi kwao Afrika, akawa askofu wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, bandari ya Algeria.

Karibu na mwaka 400 Augustine alimaliza kuandika kitabu cha kujikiri makosa yake mbele ya Mungu. Humo asimulia kisa cha utotoni, alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita. Yeye na vijana wenzake waliingia usiku katika shamba la mtu wakaiba mapeasi, tunda la nchi za baridi. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Waliyaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Huenda ukacheka, msomaji. Nani kati yetu hakurusha jiwe katika mwembe wa watu? Lakini Augustine hakucheka. Alijiuliza: kwa nini nilifanya hivyo? Mwizi wa njaa ana sababu. Mimi nilitaka nini? Jibu alilolipata lilimtisha, kwani aliona kuwa alilolipenda ni ule ubaya wenyewe, utamu wa kufanya lililokatazwa. Akarudi nyuma zaidi akawatazama watoto wachanga. Asema alimwona mtoto ambaye hajajua kusema, akimtazama kwa wivu mwenziwe anyonyaye titi moja naye, uso umembadilika kwa hasira. Huyo nani amemfunza wivu? Augustine akaona kuwa mtu hajifunzi ubaya kutoka nje tu. Kuna kitu ndani kilichopinda tangu mwanzo.

Sisi nasi tuna methali yetu kali, mtoto wa nyoka ni nyoka. Na papo hapo tuna nyingine isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zikikaa pamoja lazima zigombane, na katika historia ya Ukristo ziligombana kweli.

Mgomvi wa pili alikuwa Pelagius, mtu mwenye asili ya kisiwa cha Uingereza, aliyekaa Roma miaka mingi akiwafundisha watu wema na kujizuia. Alipowatazama Wakristo wa Roma aliwaona wamelegea, kila mmoja akisema, "Mimi ni dhaifu, nifanyeje?" Aliposikia dua moja ya Augustine, ambamo mja amwomba Mungu kwanza ampe kile anachomwamuru, kisha ndipo amwamuru atakalo, alichukizwa. Aliona kuwa maneno hayo yampa mtu udhuru wa kukaa bure. Mungu ni mwadilifu, alisema Pelagius, na hamwamuru mtu asiloliweza. Mtu ameumbwa na hiari. Adamu alijidhuru mwenyewe na akawaachia watoto wake mfano mbaya, lakini hakuwaachia dhambi. Mtoto huzaliwa kama Adamu alivyokuwa kabla ya kukosa.

Nakiri kwamba nilipofika hapa nilisema, "Huyu Pelagius ndiye wetu!" Maneno yake yanakaribia sana yale tuliyofunzwa chuoni, kuwa kila nafsi itabeba mzigo wake na haitabebeshwa wa mwingine, na kwamba Adamu alipokosa alifunzwa maneno ya toba, akatubu, Mola akamsamehe, mambo yakaisha hapo. Lakini subiri kwanza, msomaji, maana mambo si mepesi hivyo, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 410 mji wa Roma ulivamiwa na kutekwa na Wagothi. Watu wengi walikimbilia Afrika, na miongoni mwao Pelagius, ambaye baadaye alikwenda Palestina. Vita vya kalamu vikaanza. Mwaka 415 maaskofu waliokutana Palestina katika mji wa Lydda hawakumwona Pelagius kuwa na hatia. Maaskofu wa Afrika hawakuridhika. Mwaka 418 walikutana Carthage, karibu na Tunis ya leo, wakayakataa mafundisho yake, na Papa wa Roma akayakataa pia mwaka huo huo.

Hoja moja kubwa ya Augustine ilikuwa ni desturi ya kanisa yenyewe. Ikiwa watoto wachanga hubatizwa ili dhambi ziondolewe, aliuliza, dhambi gani hiyo, nao hawajatenda lolote? Lazima iwe ni ile ya Adamu. Hoja nyingine aliitoa katika waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa tano. Hapo pana fungu dogo la maneno ambalo kwa Kiyunani hufahamika kuwa kifo kimewafikia watu wote kwa sababu wote wametenda dhambi. Augustine alitegemea tafsiri ya Kilatini, naye aliifahamu kuwa watu wote walitenda dhambi ndani ya yule mtu mmoja, Adamu. Ndiyo maana makanisa ya Mashariki, yaliyosoma Kiyunani, hayakuifuata njia hii yote. Wao husema kuwa tulichorithi kwa Adamu ni kufa na udhaifu, si hatia yake. Basi si kweli kwamba Wakristo wote husema neno moja katika jambo hili.

Na watoto wafao bila ya ubatizo? Augustine alibanwa na hoja yake mwenyewe. Alisema hawawezi kuingia peponi, ila adhabu yao itakuwa nyepesi kuliko zote. Wataalamu wa karne za baadaye waliona hata hilo ni zito, wakasema kuwa kuna mahali pa ukingoni ambapo watoto hao hukaa bila ya maumivu, wakiwa na raha ya kadiri, lakini bila ya kumwona Mungu. Mahali hapo pakaitwa limbo, kwa neno la Kilatini lenye maana ya upindo, kama upindo wa nguo. Ndipo hapo alipofundishwa ajuza wa Kitaita, na ndipo jirani yangu alipokuwa akimwona mwanawe kila akifumba macho.

Sasa nirudi kwa Pelagius niliyekuwa nimemshangilia. Padri mmoja mzee niliyekuwa nikimwendea kwa maswali yangu alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Maalim, je, nyinyi mtaingia peponi kwa amali zenu?" Nikafungua kinywa kusema ndiyo, nikakumbuka hadithi mashuhuri tuliyoisoma kwa masheikh zetu, kwamba hapana hata mmoja atakayeingizwa peponi na amali yake peke yake, na Mtume mwenyewe alipoulizwa kama na yeye ni hivyo hivyo, alisema ni hivyo, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Nikaifunga kinywa. Padri akatabasamu, hakusema zaidi.

Nikatambua kuwa nyumbani mwetu pia ugomvi huu umepita. Katika karne za mwanzo za Uislamu walitokea Makadaria waliosema kuwa mja ana uwezo kamili wa matendo yake, na wakatokea Majabaria waliosema kuwa mja hana uwezo wowote, ni kama unyoya upeperushwao na upepo. Baadaye Muutazila wakatetea uadilifu wa Mungu na hiari ya mtu, kwa hoja ambazo Pelagius angelizipokea kwa mikono miwili. Imamu Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye mafunzo yake ya itikadi ndiyo yaliyoenea katika vyuo vya pwani yetu, alisema kuwa Mungu ndiye aumbaye matendo, na mja ndiye ayachumaye, na kwa uchumi huo huulizwa. Sisemi kuwa Ash'ari na Augustine ni mamoja, hasha. Nasema kwamba wote wawili waliogopa jambo moja: kiumbe kujiona kuwa anajitosha.

Hapo ndipo nilipoifahamu neema katika maneno ya Augustine. Kwake yeye mtu ni kama mgonjwa ambaye hata ile hamu ya kupona hana mpaka tabibu amtie. Pelagius alisema neema ni kule kuumbwa na hiari, kupewa sheria, na kuonyeshwa mfano mwema. Augustine akajibu kuwa mwenye kuvunjika mguu hapati faida kwa kuonyeshwa barabara. Ahitaji kuungwa mguu kwanza. Na fikira hii haikuwa ya kuwatukana watoto wachanga. Ilianza kwa mtu mzima aliyejitazama katika kioo akakumbuka mapeasi.

Mjadala haukufa naye. Augustine alifariki mwaka 430, mji wake wa Hippo ukiwa umezingirwa na Wavandali, lakini kalamu yake iliendelea kuwagombanisha watu. Martin Luther, mtawa wa shirika lenye jina la Augustine, alipoanza kulipinga kanisa la Roma mwaka 1517, alishika hapo hapo: mtu haokolewi kwa amali bali kwa neema tu. Wakatoliki, katika mkutano wao mkuu wa Trento mwaka 1546, wakasema kuwa ubatizo huiondoa dhambi ya asili, na kinachobaki ni mwelekeo wa kupenda maovu, ambao wenyewe si dhambi mpaka mtu aufuate. Luther alisema hata mwelekeo huo ni dhambi. Ilipita karibu miaka mia tano tangu aanze, ndipo Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi tamko la pamoja juu ya neema, tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani.

Na sisi wa Mombasa tunayo sehemu yetu katika hadithi hii. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, na siku chache tu baadaye akamzika binti yake mchanga, upande wa bara ng'ambo ya mji. Katika miezi hiyo hiyo alikuwa akianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na Kadhi wa Mombasa wa zama hizo alimsaidia. Milango mitatu ya kwanza ya tafsiri yake ilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Milango hiyo mitatu ndiyo yenye kisa cha Adamu, mkewe, nyoka na tunda. Basi miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kuchapishwa kwa herufi za Kizungu ni kisa hicho hicho.

Ndiyo maana tukiwasikia Wakristo wakisali kwa Kiswahili tunasikia maneno yetu. Dhambi ni neno la Kiarabu, na neema ni la Kiarabu, na toba vile vile. Waliyachukua kutoka vinywani mwetu, wakayatia maana zao. Mwislamu akisema dhambi, akusudia kitendo alichokitenda mtu. Mkristo akisema dhambi ya asili, akusudia hali aliyozaliwa nayo mtu, kama mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye deni ambalo hakulikopa yeye. Neno ni moja, na mlango mmoja hufungua vyumba viwili. Wengi wetu hubishana mlangoni bila ya kujua hilo.

Nisifiche tofauti, maana kuificha si adabu. Sisi twasema mtoto huzaliwa mzima, na ulimwengu ndio umpindao. Wao wasema huzaliwa na jeraha. Kwetu Adamu alisamehewa na hesabu ikafungwa. Kwao hesabu haikufungwa mpaka alipokuja Isa. Tofauti hiyo ni kubwa, na hapana haja ya kuipaka rangi. Lakini nimeona pia kuwa Mwislamu mwenye kuifuata nafsi yake kwa uangalifu, akaikuta ikimwamrisha maovu hali ya kuwa ametoka kusali, hatashindwa kumfahamu Augustine. Na Mkristo mwenye kumshika mtoto mchanga mikononi hatashindwa kutufahamu sisi.

Miaka ikapita. Jirani yangu alistaafu akarudi kwao milimani. Aprili mwaka 2007 nilisikia katika habari kuwa tume ya wataalamu wa dini ya Kanisa Katoliki, kwa idhini ya Papa Benedict wa 16, imetoa waraka juu ya watoto wafao bila ya kubatizwa. Waraka ulieleza kwamba limbo haikuwa kamwe fundisho la lazima katika imani, bali rai ya wataalamu, na kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao huokolewa na Mungu na kumwona. Hawakusema kuwa wana uhakika. Walisema wana matumaini. Tangu mwaka 1992 kitabu cha mafundisho ya kanisa lao kilikuwa kimekwisha kuwakabidhi watoto hao kwa rehema ya Mungu, lakini safari hii mambo yalisemwa kwa kirefu na kwa uwazi.

Nilipanda basi hadi Voi, na kutoka hapo matatu mpaka juu milimani. Nilimkuta amekaa chini ya mti, mvi zimemjaa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Nilimweleza nilichokisikia. Aliniambia kuwa padri wao amekwisha kuwatangazia kanisani, kisha akanyamaza, kama usiku ule wa barazani.

Mwisho akasema, "Miaka ishirini na nne, Maalim. Mama alikufa bado anamwombea."

Mkewe alituletea chai. Aliuliza habari za mke wangu, nikamwambia hajambo, ila magoti yanamsumbua. Akasema, "Mwambie namkumbuka. Mwambie mtoto alikuwa amefunikwa vizuri."

Nilirudi Mombasa na salamu hizo nikazifikisha. Mke wangu aliyapokea maneno yale akiwa jikoni, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakukuna. Kuna mambo ambayo wanazuoni wa Hippo na wa Basra waliyaandikia majuzuu, na bado mwenye kufiwa hubaki na swali lake. Mimi sina la kuongeza juu ya waliyoyaandika. Nijualo ni kwamba jirani akikuuliza mtoto wake ameenda wapi, si wakati wa kumshinda kwa hoja. Keti naye barazani, umsikilize mpaka amalize.